Tuliomba Ulinzi, Tukanyamazisha Onyo

Tulikuwa watu 28 ndani ya kosta ya kukodi, wanakwaya pamoja na wazee wawili wa kanisa, tukirudi usiku kutoka kwenye tamasha la uimbaji. Kabla ya kuondoka tulishikana mikono kando ya gari, na mwinjilisti akaomba. Alimkabidhi Mungu dereva, magurudumu na barabara yote hadi nyumbani. Tukaitikia amina kwa sauti moja.

Yapata saa nane za usiku, binti wa miaka 14 aliyeketi nyuma ya kiti cha dereva alisema, kwa sauti iliyotosha kusikika viti vya mbele, kwamba dereva anasinzia. Mama mmoja akamwambia, "Nyamaza mwanangu, usitutie mkosi. Tumeshaomba." Akanyamaza. Baada ya kitambo akasema tena, "Mama, kichwa chake kinaanguka." Safari hii alikemewa na mzee wa kanisa, kwamba mtoto hafundishi watu wazima kazi zao. Dereva mwenyewe alicheka, akasema yu macho, akaongeza sauti ya redio. Binti hakusema tena.

Haikupita nusu saa. Mbele yetu palikuwa na lori lililoharibika, na wenye lori walikuwa wameweka matawi ya miti barabarani kama ilivyo desturi. Tuliyakanyaga matawi yale. Waliokuwa macho waliyasikia yakikwaruza chini ya gari. Kisha ubavu wa kushoto ukaingia nyuma ya lori. Kaka yetu aliyekuwa nguzo ya sauti ya nne alifariki kabla ya kupambazuka. Wengine wawili wanatembea kwa magongo mpaka leo.

Siku ya maziko kila aliyesimama alisema ajali haina kinga. Mzee yule yule aliyemkemea binti ndiye aliyesoma salamu za rambirambi, akasema Mungu amempenda zaidi ndugu yetu. Tuliitikia amina. Binti alikuwa ameketi upande wa akina mama, macho chini, na hakuna aliyemtazama.

Sisi tunaoandika haya tulikuwemo garini. Tunaandika kwa wingi kwa sababu kosa lilikuwa la wingi. Na swali tunalolileta mbele yenu, wapendwa, ndilo hili: mtu aliyeonywa akapuuza, je, ana haki ya kusema kwamba yaliyompata ni mapenzi ya Mungu?

Swali hili hatukulitafuta wenyewe. Lililetwa na kijana mmoja wa usharika wetu aliyesomea ufundi wa ndege, siku moja tulipokuwa katika kipindi cha kujifunza Neno. Mmoja wetu alirudia kusema ajali haina kinga. Yule kijana akasema kwa upole, "Wazee wangu, kwetu sisi wa ndege msemo huo hauruhusiwi." Tukamwomba aeleze. Aliyotueleza jioni ile, na tuliyoyasoma baadaye, ndiyo yaliyotufungua macho.

Zamani, alisema, ndege mbili zikigongana angani au ndege nzima ikiingia mlimani, watu walilia na kuzika. Tarehe 30 Juni 1956 ndege mbili za abiria ziligongana juu ya bonde kuu la Grand Canyon huko Marekani, na watu 128 wakafa. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege iliyokuwa ikielekea kutua karibu na jiji la Washington iliingia kilimani katika mawingu, na watu 92 wakafa. Injini zilikuwa nzima. Marubani walikuwa na akili timamu. Walishuka mapema mno tu, na hakuna kitu ndani ya ndege kilichowaonya mapema vya kutosha kwamba ardhi iko karibu. Baada ya ajali ile serikali ya Marekani iliagiza ndege kubwa za abiria zifungwe kifaa cha kuonya kuhusu ardhi. Na baada ya ndege kubwa kugongana na ndege ndogo juu ya mji wa Cerritos, California, tarehe 31 Agosti 1986, watu 82 wakafa, wengine wao wakiwa majumbani mwao, Bunge la nchi hiyo liliagiza ndege zifungwe kifaa kingine cha kuzuia migongano. Kila kifaa, kwa hiyo, kimesimama juu ya makaburi. Wale watu hawakusema ajali haina kinga. Waliuliza: ni neno gani ambalo, kama lingesemwa dakika moja kabla, hawa wangekuwa hai?

Kifaa cha kuonya kuhusu ardhi kiliendelezwa zaidi na mhandisi mzaliwa wa Kanada aitwaye Don Bateman, aliyefanya kazi hiyo kwa miongo mingi mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2023. Kifaa cha kwanza kilipima umbali kati ya tumbo la ndege na ardhi iliyo chini yake, na kama umbali ule ulipungua haraka mno, sauti ilisikika katika chumba cha marubani ikiwaamuru wainue pua ya ndege. Lakini kilikuwa na udhaifu mmoja: kilitazama chini, hakikutazama mbele. Ndege ya New Zealand iliyogonga Mlima Erebus huko Antaktika tarehe 28 Novemba 1979, watu 257 wakafa, ilipata onyo sekunde 6 hivi kabla ya kugonga. Onyo lilikuwa la kweli, ila muda wa kutii ulikuwa umekwisha.

Kwa hiyo katika miaka ya 1990 Bateman na wenzake walikipa kifaa ramani ya milima na mabonde ya dunia. Sasa kompyuta inajua ndege iko wapi, inaelekea wapi, na kuna nini mbele yake hata kama rubani haoni kitu kwa ajili ya wingu au giza. Inaweza kuonya kwa muda wa kutosha. Tuliposikia hayo tulishangilia kidogo, tukadhani habari imekwisha vizuri. Kijana akasema, "Bado. Sasa niwaambieni kuhusu Mlima Salak."

Tarehe 9 Mei 2012, ndege mpya iliyotengenezwa Urusi iliruka kutoka Jakarta, Indonesia, kwa safari ya maonyesho. Ndani walikuwamo wageni: watu wa mashirika ya ndege, waandishi wa habari, wanunuzi watarajiwa. Ilikuwa na kifaa kile kizuri chenye ramani. Katika mawingu karibu na Mlima Salak, sekunde 38 kabla ya kugonga, kifaa kilisema kuna ardhi mbele. Kikarudia mara kadhaa. Nahodha, mtu mwenye uzoefu mkubwa, alidhani ramani iliyo ndani ya kifaa ina kasoro, akakizima. Watu wote 45 walikufa. Wachunguzi waliirudia safari ile katika mtambo wa mazoezi, wakaona kwamba kama marubani wangetii ndani ya sekunde 24 tangu onyo la kwanza, mlima ungepitwa.

Tulikaa kimya katika chumba kile. Nahodha hakuwa mlevi wala mpumbavu. Alikuwa na wageni, na alikuwa katika mazungumzo na mmoja wao. Aliiamini njia yake, na sauti iliyomwambia vinginevyo ilitoka kwenye kasha la umeme. Alikuwa na maelezo tayari: kifaa kimekosea. Mama aliyemnyamazisha binti naye alikuwa na maelezo tayari: tumeshaomba. Wote wawili walikuwa na jambo jema mkononi, mmoja uzoefu, mwingine sala, na wote wawili walilitumia jambo lile jema kuziba masikio. Wahenga wetu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Tumezoea kuutumia msemo huu kwa wahuni na walevi. Hatukujua kwamba sikio la namna hiyo linaweza kuwa la mzee wa kanisa.

Biblia inajua jambo hili. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22, Balaamu nabii alikuwa njiani juu ya punda wake. Punda alimwona malaika mwenye upanga, Balaamu hakumwona. Punda akakengeuka mara tatu, na mara tatu akapigwa. Angalieni nani alikuwa mwonaji kwa kazi: Balaamu. Watu walimlipa kwa sababu aliona yasiyoonekana. Siku ile aliyeona ni mnyama wa kubebea mizigo, na mwonaji akamcharaza fimbo kwa sababu alimwaibisha mbele ya wakuu waliofuatana naye. Naye malaika akamwambia kwamba kama si punda kukengeuka, angeuawa Balaamu na punda angeachwa hai. Hasira yetu dhidi ya anayetuonya mara nyingi ni hasira ya Balaamu. Si kwamba tumechunguza tukaona anasema uongo. Ni kwamba anatusimamisha mbele ya watu.

Lakini hapa mzee mmoja katika kipindi alitoa hoja nzito, na haki inatudai tuiandike. Alisema, "Mnataka tutii kila anayeonya? Siku hizi kila kona kuna nabii. Huyu anaonya usisafiri, yule anaonya jirani yako ni mchawi, wa tatu anaonya kwamba usipotoa sadaka fulani mwanao atakufa. Tukitii maonyo yote tutakuwa vichaa." Tena akaongeza, "Na isitoshe tumelelewa hivi: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu wa gari ni dereva. Mtoto ni mtoto."

Kijana akatujibu kwa habari ya ziwa.

Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, saa 5:35, juu ya mji wa Überlingen kando ya Ziwa Konstanz, kusini mwa Ujerumani, ndege mbili zilikuwa zikielekeana katika kimo kile kile cha futi 36,000. Moja ilikuwa Tupolev iliyotoka Moscow kwenda Barcelona, na abiria wake wengi walikuwa watoto wa shule kutoka mji wa Ufa, waliopewa safari ile kama zawadi ya bidii yao. Nyingine ilikuwa Boeing ya mizigo, marubani wawili peke yao. Ndege zote mbili zilikuwa na kifaa cha kuzuia migongano.

Kifaa hicho hufanya kazi hivi. Kila ndege huiuliza ndege iliyo karibu iko wapi na kimo gani, karibu kila sekunde. Kompyuta hupiga hesabu ya muda uliobaki kabla hazijakaribiana mno. Kwanza humwambia rubani kwamba kuna ndege jirani. Hatari ikiendelea, huamuru. Na hapa ndipo penye hekima yake: vifaa viwili huafikiana kwanza, ili kimoja kikisema panda, kingine kiseme shuka.

Chini, mwongoza ndege aliyekuwa na zamu huko Zurich aliiona hatari akiwa amechelewa. Akaiamuru Tupolev ishuke. Mara tu baada ya hapo kifaa cha Tupolev kikasema panda, na kifaa cha Boeing kikasema shuka. Rubani msaidizi wa Tupolev alitamka kwamba kifaa kinasema wapande. Lakini mwongozaji alirudia amri yake ya kushuka, nao wakamtii mwongozaji. Boeing ikatii kifaa, ikashuka. Zote mbili zikashuka pamoja gizani mpaka zikakutana. Watu 71 walikufa.

Walisikia la mkuu, wapendwa. Hawakuwa wakaidi. Walimtii mwenye mamlaka aliye juu yao kwa desturi, na wakafa kwa utii.

Na hili nalo lilikuwa na onyo lake. Miezi 17 kabla, tarehe 31 Januari 2001, ndege mbili kubwa za Japani zilikaribia kugongana kwa namna ile ile: mwongozaji alisema shuka, kifaa kikasema panda, rubani akamfuata mwongozaji. Zilipishana kwa umbali mdogo wa kutisha, na watu kama 100 wakaumia, lakini hakuna aliyekufa. Dunia ikavuta pumzi. Kanuni haikunyooshwa mpaka watoto wa Ufa walipokufa. Leo kanuni ya kimataifa iko wazi: kifaa kikiamuru na mwongozaji akasema vingine, rubani afuate kifaa, kisha amjulishe mwongozaji.

Kwa nini kifaa kipewe heshima kuliko mtu? Tuliuliza hivyo kwa sababu tulihisi ni aibu. Kijana akasema kifaa hakina hekima kuliko mwongozaji. Mwongozaji anaona anga pana, anajua nani anatua na nani anaruka. Kifaa hakijui lolote katika hayo. Kinajua jambo moja tu, lakini jambo hilo kinalijua kwa ukaribu na kwa wakati huu huu. Aliye karibu na hatari apewe neno la mwisho juu ya hatari ile, hata kama katika mambo mengine yote yeye ni mdogo.

Kutokana na hayo tulijaribu kumjibu mzee wetu. Onyo la kusikilizwa lina alama zake. Kwanza, anayeonya yuko mahali pa kuona. Binti alikuwa ameketi nyuma ya dereva, sisi tulikuwa tumefumba macho. Pili, hapati faida. Kifaa hakiuzi kitu, na binti hakuomba hata shilingi, ila nabii wa kulipisha anafaidika na hofu yako. Tatu, onyo linaweza kuhakikiwa. Ilitosha mmoja wetu ainuke amtazame dereva usoni, lakini uchawi wa jirani hauwezi kuhakikiwa na mtu yeyote. Nne, gharama ya kutii ni ndogo kuliko gharama ya kupuuza. Rubani akipanda kwa onyo la uongo amepoteza mafuta kidogo na dakika chache. Akipuuza la kweli amepoteza wote. Sisi tungesimama kando ya barabara, dereva angenawa uso na kulala saa moja, tungefika kwetu tumechelewa ibada. Ndiyo gharama yote. Lakini anayekuonya umchukie jirani anakutoza gharama kubwa mno, na anayeilipa ni mtu mwingine.

Hata hivyo hatutaki kuandika kana kwamba alama nne zinatosha. Rubani wa Tupolev hakuwa na nafasi ya kuhesabu alama. Alikuwa na sekunde. Ndiyo maana marubani huamua mapema, mchana kweupe, darasani, watamtii nani sauti zikipingana. Usiku ule juu ya ziwa ulikuwa umechelewa kwa majadiliano, hasa kwa kuwa vitabu walivyofunzwa havikusema kwa uwazi. Dhamiri yetu nayo iko hivyo. Mtu asiyejizoeza kusikia maneno madogo ya kumkosoa, ya mkewe, ya mwanawe, ya karani wa kanisa anayesema hesabu hazilingani, asitegemee kwamba siku ya hatari kubwa sikio lake litafunguka lenyewe.

Sasa tufike kwenye jambo gumu zaidi, nalo ni lawama.

Mwongozaji wa Zurich alikuwa peke yake usiku ule. Mwenzake alikuwa amekwenda kupumzika, desturi ambayo wakubwa waliijua wakaiacha. Alihudumia vituo viwili kwa wakati mmoja. Rada ilikuwa katika matengenezo, na taa ya kumwonya yeye mwenyewe haikufanya kazi. Simu kuu ilikuwa imezimwa kwa matengenezo, na ya akiba ilikuwa mbovu. Waongozaji wa Karlsruhe, Ujerumani, waliiona hatari katika mitambo yao, wakajaribu kumpigia mara kadhaa, simu isipite. Fikirini hilo: mlinzi anayetakiwa kuonya, na wenzake wanaotaka kumwonya yeye, na waya uliokatika katikati.

Tarehe 24 Februari 2004 baba mmoja aliyepoteza mke, mwana na binti katika Tupolev ile alikwenda mpaka mlangoni kwa mwongozaji yule, akamchoma kisu. Alikufa mbele ya familia yake. Hatuna neno la kumhukumu baba yule. Wengine wetu ni wazazi. Lakini mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani watu wanne wa ngazi ya usimamizi katika kampuni iliyoongoza anga ile. Hatia ilikuwa imetandazwa katika ofisi nyingi, na kisu kilitafuta kifua kimoja.

Ezekieli, sura ya 33, anasema habari za mlinzi anayeona upanga ukija asipige tarumbeta: damu itatakwa mkononi mwake. Akipiga tarumbeta na mtu asisikie, damu ya mtu yule iko juu ya kichwa chake mwenyewe. Tumeihubiri sura hiyo mara nyingi. Ila tuseme, mlinzi akinyang'anywa tarumbeta na wenye mji, damu itatakwa mkononi mwa nani?

Sisi baada ya ajali tulimtupia yote dereva. Alifungwa, tukaridhika. Tusiseme uongo mbele za Mungu: dereva yule alikuwa ameendesha tangu alfajiri ya siku ile. Tulijua. Mwenye gari alitaka tumlipie kulala ili arudi asubuhi, tukaona fedha ni nyingi, tukasema tutasafiri usiku na Bwana atatutangulia. Kamati ilipitisha, na wengine wetu tulikuwa katika kamati. Tulimchosha mlinzi, tukamnyamazisha aliyeona amechoka, kisha kaburini tukamkabidhi Mungu hesabu yote.

Hapo ndipo tunapopata jibu la swali letu, kadiri tunavyoweza kulijibu. Hatukani kwamba maisha ya ndugu yetu yako mikononi mwa Mungu. Hatukani kwamba Mungu anaweza kuchota jema hata katika uovu wetu. Lakini kusema mapenzi ya Mungu ili tusiulizwe tulifanya nini ni kulitaja jina lake bure. Tuliomba ulinzi tukiwa tumeshikana mikono. Tulitazamia ulinzi gani? Pengine tulitazamia malaika asiyeonekana, atakayeshika usukani bila kumsumbua mtu. Kumbe ulinzi ulikuja saa nane za usiku kwa mdomo wa mtoto wa miaka 14, ukaja mara mbili, na sisi tukauambia nyamaza, tumeshaomba. Tulilitumia ombi kulinyamazisha jibu la ombi. Hatujui namna nyingine ya kulieleza.

Liko jambo moja bado. Tuseme tungesimama. Dereva angelala, tungeendelea alfajiri, tungelikuta lori mchana, tungelipita. Kaka yetu angekuwa hai, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Sisi tungemkasirikia binti kwa kutuchelewesha. Tungesema ana wasiwasi, amezoea kudekezwa. Onyo likitiiwa huonekana la uongo. Ndiyo iliyomuudhi Yona: aliwaonya watu wa Ninawi, wakasikia, mji haukuangamia, naye akaketi jua kali akiona ameaibika. Kila anayeonya kwa kweli anajitoa kuwa kama Yona. Akisikilizwa, hakuna ushahidi kwamba aliokoa. Asiposikilizwa, hakuna anayetaka kumtazama usoni. Marubani wangapi wamepanda kwa amri ya kifaa na kufika salama, abiria wakilalamika tu kwamba chai ilimwagika?

Mwaka mmoja baada ya maziko tulikwenda nyumbani kwa wazazi wa binti, wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya. Mzee aliyemkemea ndiye aliyesema kwanza. Alisema, "Mwanangu, uliona sisi hatuoni, nami nikakufunga mdomo. Nisamehe." Binti alilia kwa muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia: kwamba mwaka mzima amekuwa akijilaumu yeye, kwa nini hakusema mara ya tatu. Tulikuwa tumemwachia mtoto mzigo wetu, naye alikuwa ameubeba peke yake mwaka mzima, hali sisi tunaimba.

Tangu siku ile kwaya ina kanuni. Tukisafiri, mtu yeyote garini, hata mtoto, akisema simama, gari linasimama. Haulizwi kwanza. Anaulizwa baada ya gari kusimama, na hata kama alikosea hachekwi. Dereva anaambiwa kanuni hii kabla ya sala ya safari, na asiyeikubali hatumkodi. Usiku hatusafiri tena. Fedha ya kulala inachangwa pamoja na nauli.

Mpaka sasa gari limesimamishwa mara mbili. Mara ya kwanza mtu alisikia harufu ya kuungua, ikawa ni moshi wa mkaa kando ya barabara. Mara ya pili kijana mmoja alidhani gurudumu linayumba, tukashuka wote, tukalitazama, likawa zima. Tulichelewa kufika kwa nusu saa. Tulimshukuru, tukapanda tena garini.